Daraja halina jointi hata moja kwenye mchoro: ni kosa au ndivyo linavyotakiwa?

msimamizi_hindi

Asalaam aleikum wanajukwaa, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni msimamizi wa saiti huku Lamu bara, upande wa Hindi. Tumepata kazi ya daraja kwenye barabara inayoungana na ile kuu ya kwenda Witu na Garsen. Ni nafasi tatu, yaani vipande vitatu vinavyoruka kutoka ukuta hadi nguzo na nguzo hadi nguzo, kila kimoja mita 18, jumla mita 54. Boriti ni za zege, zinamiminwa yadi halafu zinapandishwa kwa kreni. Hadi hapo sina neno.

Michoro imefika, nimeigeuza na kuigeuza, sioni jointi ya kutanukia hata moja, ule mwanya unaoachwa ili daraja litanuke na kusinyaa. Juu ya nguzo za kati slabu, yaani sakafu ya zege ya daraja, inapita moja kwa moja bila kukatwa. Kwenye kuta za mwisho ndiko nilikochoka kabisa: ncha za boriti zinaingia ndani ya ukuta na kufungiwa humo kwa zege, daraja na ukuta vinakuwa kitu kimoja. Hakuna hata zile raba za kukalia boriti pale mwisho. Chini ya ukuta kuna mstari mmoja tu wa paili, nguzo zinazozamishwa ardhini, za chuma za umbo la H, na nyuma yake slabu ya mita 5 inayolala juu ya tuta.

Fundi wetu mkuu ni mzee aliyeanza kujenga madaraja kabla sijazaliwa. Ameutazama mchoro, akaukunja, akasema mhandisi amesahau. Anasema jua la kaskazi likishika, zege lisilo na mwanya litajipasua lenyewe. Mhandisi mshauri yuko Nairobi, nimempigia, jibu lake lilikuwa fupi: jenga kama mchoro. Sawa, nitajenga, lakini kusimamia watu wasioamini wanachokijenga ni kazi ngumu.

Kwa hiyo naomba mwenye kujua anifafanulie. Daraja likitanuka, litakwenda wapi? Na pili, kuna daraja la zamani jirani lenye jointi juu ya kila nguzo. Lori likipita usiku kijiji kizima kinasikia. Lile linaweza kuondolewa jointi, au dawa yake ni kubomolewa tu?

kokoto_na_saruji

Bro, huyo mhandisi amekopi mchoro wa mtu. Zege linatanuka, hiyo ni fizikia ya kidato cha kwanza. Wewe acha mwanya wa milimita 20 juu ya kila nguzo, jaza ubao laini, juu mwaga lami ya kuzibia. Mshauri akija atakushukuru.

bi_mkaguzi_malindi

Msimamizi wa Hindi, mwanangu, usiache mwanya wowote. Na wewe Kokoto, hebu tulia kidogo. Slabu inayopita juu ya nguzo bila kukatwa ina nondo nene upande wa juu, kwa sababu pale juu ya nguzo ndipo slabu inapovutwa. Ukikata mwanya umezikata hizo nondo. Huo ushauri wako utamfanya kijana wa watu ajenge daraja ambalo hakuna aliyelipigia hesabu.

Nitaeleza kwa urefu, maana nimestaafu na jioni za Malindi ni ndefu. Nilikuwa mkaguzi wa madaraja ya barabara hapa pwani. Kazi ya mkaguzi iko chini ya daraja, juu wanapita wenye magari. Na ukikaa chini muda wa kutosha unajua jambo moja: kinachoua daraja la pwani ni jointi yake.

Huhitaji mchoro kujua jointi iko wapi. Ingia chini utazame michirizi. Katikati ya boriti zege ni zima, halina alama. Ukisogea kwenye ncha, pale chini ya jointi, unaona rangi ya kutu inashuka, kisha unaona zege limebambuka na nondo ziko nje. Raba ya kukalia imevimba upande mmoja au imehama. Juu ya kichwa cha nguzo pamejaa tope, mchanga, mavi ya popo na majani, na vyote vimelowa hata wiki moja baada ya mvua. Upepo wa kusi unapuliza chumvi ya bahari miezi yote hiyo na kuitandaza juu ya barabara. Mvua ikija inaikusanya na kuipeleka kwenye tundu moja tu lililo wazi, na tundu hilo liko juu kabisa ya sehemu muhimu kuliko zote, kikalio cha boriti. Nchi za baridi wana shida hiyo hiyo kwa njia nyingine: chumvi wanaimwaga wenyewe barabarani kuyeyusha barafu.

Raba ya jointi nayo haidumu. Magurudumu ya malori yanaipiga mchana na usiku, inachanika, inang'oka, mtu anaijaza lami, lami inapasuka. Sijawahi kuona jointi kuukuu isiyovuja. Nimeona zinazovuja kidogo.

Na mambo haya si ya kuvuja tu. Laval, kule Québec nchini Kanada, Septemba 2006, daraja la de la Concorde liliporomoka mchana na kuua watu 5. Tume iliyochunguza ilikuta nondo zilizopangwa vibaya tangu ujenzi na zege lisilo na ubora wa kustahimili hali ya kule. Lakini tazama mahali pa kuvunjikia: ni ile sehemu yenye kikalio chini ya jointi, ambapo maji na chumvi vilikuwa vikiingia na mkaguzi hawezi kuona ndani bila kuinua daraja. Mimi nikisoma ripoti za namna hiyo huwa nafikiria vichwa vya nguzo nilivyowahi kuvipapasa kwa tochi.

Ndiyo maana wenzetu waliamua kuitoa. Jimbo la Ohio, Marekani, lilijenga daraja la Teens Run mwaka 1938, la nafasi tano, bila jointi, slabu imefungwa na kuta za mwisho. Kwa hiyo mwambie mzee wako si mtindo wa vijana wa kompyuta, huenda umemzidi umri yeye mwenyewe. Waingereza nao mwaka 1996 walitoa mwongozo kwamba daraja lisilozidi mita 60, na mshazari wake, yaani ule upande linaokata mto kwa pembe badala ya kunyooka, usizidi nyuzi 30, kwa kawaida lijengwe bila jointi. Lako ni mita 54.

Sasa swali lako la msingi, litakwenda wapi. Piga hesabu na fundi wako mkiwa mmekaa. Zege hutanuka takriban sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Mita 54 ni milimita 54,000. Hapa kwetu daraja zima, kutoka baridi ya alfajiri ya kusi hadi mchana mkali wa kaskazi, tuseme linabadilika nyuzi 20. Zidisha: milimita 10.8. Kwa kuwa katikati halihami, kila ncha inasogea nusu yake, milimita 5 na kitu. Ule mwongozo wa Waingereza ulikubali hadi milimita 20 kwenda na 20 kurudi katika kila ncha, maana wao wana baridi kali na wana kiangazi. Bahari yetu inatupa joto lisilopanda wala kushuka sana, nasi tunajenga kana kwamba tuko Siberia.

Hizo milimita 5 zinakwenda kwenye ukuta wa mwisho. Ukuta unasogea pamoja na daraja, ndiyo maana una mstari mmoja tu wa paili na ndiyo maana paili ni za H. Angalia vizuri mchoro, utaona zimegeuzwa ili zipinde upande wao mwepesi. Zinapinda kidogo na kurudi, kama mlingoti wa jahazi upepo ukiushika. Ukiweka mistari miwili ya paili nene umetengeneza ukuta usiosogea, na hapo ndipo mzee wako atakuwa sahihi.

Kuhusu kujipasua: kutanuka hakupasui zege. Hata ukilibana lisisogee kabisa kwa nyuzi hizo 20, msongo unaopatikana ni megapaskali 6 hivi (hicho ni kipimo cha nguvu inayobana au kuvuta zege), na zege la boriti zako halikosi 40. Hatari iko kwenye kusinyaa. Likisinyaa huku limeshikwa, linavutwa, na kuvutwa zege halina nguvu nako, megapaskali 3 tu linaachia. Kwa hiyo kinachotakiwa ni ukuta unaokubali kusogea na nondo za kutosha za kusambaza nyufa ziwe nyembamba kama uzi wa buibui. Mwanya hauhitajiki.

Niambie mambo matatu ndipo nikujibu la daraja la zamani. Mshazari ni nyuzi ngapi? Ardhi ya pale ni nini? Na mchoro unasema mjaze nini nyuma ya ukuta?

dereva_wa_garsen

Mama mkaguzi shikamoo. Mimi sijui milimita, najua mgongo wangu. Hayo madaraja yasiyo na jointi kwa kweli yanateleza vizuri katikati. Lakini nikilipanda na nikilishuka gari inaruka, tena pande zote mbili, abiria wa nyuma wananitukana. Hiyo ni nini? Maana kama jointi mmeitoa katikati mkaileta mwisho, mimi sijaona faida.

msimamizi_hindi

Mama, shukran sana. Nimempa mzee simu asome, amesoma kimya, hajasema kitu. Nimechukua hiyo kama dalili njema.

Mshazari ni nyuzi 10. Ardhi: juu mchanga, halafu baada ya mita moja na nusu hivi tunagonga jiwe la matumbawe, gumu, si la kuchezea. Nyuma ya ukuta mchoro unasema "kokoto na mchanga wa chembe kubwa, unaopitisha maji". Bosi anataka turudishe udongo ule ule tuliochimba ili tusilipe malori ya kuleta kutoka mbali.

bi_mkaguzi_malindi

Dereva, marahaba. Umelitaja tatizo lenyewe, na watu wengi wanaosifia madaraja haya hulificha. Mwendo haupotei. Ukiutoa kwenye jointi unaupeleka kwenye udongo, na udongo una tabia zake.

Kaskazi daraja linatanuka, ukuta unausukuma udongo wa nyuma. Kusi linasinyaa, ukuta unarudi, panabaki kijipengo, chembe za udongo zinateremka na kukijaza. Kaskazi inayofuata ukuta unasukuma tena, lakini safari hii unakuta udongo ulioshikana zaidi, kwa hiyo unasukumwa kwa nguvu kubwa zaidi. Mwaka baada ya mwaka mgandamizo nyuma ya ukuta unapanda, na huku juu uso wa tuta unashuka kwa sababu chembe zimehama. Ile ruka yako, dereva, ni hilo shimo. Maji ya mvua yakipata njia ya kuingia humo yanabeba mchanga na shimo linakua.

Slabu ya mita 5 iliyo kwenye mchoro wa Hindi kazi yake ni kuvuka juu ya shimo hilo, mwisho wake mmoja ukiwa umeshikwa na ukuta na mwisho wa pili ukiwa umekalia udongo uliotulia. Kwa hiyo ukishuka unateremka pole pole, huanguki. Huko kwenye mwisho wa pili ndiko mwendo unakotokea juu, lami itakatika mstari mmoja, na mstari huo utazibwa na kuzibwa tena. Ndiyo, kwa namna fulani tumeihamisha jointi. Tofauti ni kwamba pale ikivuja inamwagia mchanga, haimwagii ncha za boriti. Kama madaraja unayopita wewe yanakurusha, ama slabu hiyo haikuwekwa, ama imewekwa juu ya tuta ambalo halikushindiliwa.

Nikirudi kwako msimamizi. Nyuzi 10 ni nzuri, mshazari ukiwa mkubwa daraja linajizungusha kila linapotanuka na kona moja inaumia.

Lakini matumbawe yananitia wasiwasi. Paili iliyobanwa na jiwe mita moja na nusu chini ya ukuta haina urefu wa kupinda. Itashikwa pale pale, na mapindo yote yataishia kwenye futi chache za juu. Tafuta kwenye mchoro kama kuna maelezo ya kutoboa mwamba shimo pana kuliko paili na kulijaza mchanga mlegevu kwenye mita tatu hivi za juu. Kwingineko hufanya hivyo hata kwenye udongo mgumu tu. Kama maelezo hayapo, mwandikie mshauri barua, tena barua, si simu. Mwambie mwamba mmeukuta kwenye kina gani. Hili ndilo la kumsumbua, kuliko jointi.

La bosi na udongo: hapana. Kama anataka kubana pesa, abane kwenye rangi ya ofisi ya saiti. Udongo mliochimba una vumbi laini linaloshika maji, na nyuma ya ukuta unaosogea huo ndio mwanzo wa mashimo. Kokoto na mchanga wa chembe kubwa, bomba la kutolea maji chini, tabaka jembamba jembamba, na karibu na ukuta tumieni mashine ndogo ya mkono, msilete rola zito likausukuma ukuta. Jazeni pande mbili kwa kupokezana, tuta la upande mmoja lisilizidi sana la upande wa pili. Na msijaze hadi juu kabla ukuta haujafungwa na daraja, maana ukiwa peke yake juu ya mstari mmoja wa paili unaweza kuinama.

Halafu mafuriko. Nyote mnajua Tana ikijaa inavyofanya upande wa Gamba. Daraja lililofungwa kuwa kitu kimoja maji hayalinyanyui wala kulisukuma kirahisi, hiyo ni faida kubwa. Lakini maji yakila tuta, paili zinabaki uchi. Hakikisha mawe ya kulinda tuta hayafutwi kwenye orodha ya gharama, maana ndiyo hufutwa kwanza.

mwashi_wa_amu

Bi, salaam. Mimi ni mwashi wa Amu, ndia zetu ni za watu na punda, madaraja siyajui. Lakini yua nalijua, na mai ya munyu nayajua zaidi. Nimeona na mato yangu misumari ya jahazi Matondoni ikiliwa ikawa unga. Sasa mwatia chuma tini ya ukuta, kwenye mtanga wenye munyu, kisha mwataka kipinde kila mwaka. Hakitalika? Na jambo moya zaidi, huyo kijana mtanga wa zege anautoa wapi? Maana huku bara nimeona watu wakizoa pwani usiku.

bi_mkaguzi_malindi

Ami, umeuliza swali ambalo mhandisi analipwa kulijibu. Chuma kinaliwa pale panapokutana chumvi, maji na hewa. Ndiyo maana msumari wa jahazi unakwisha haraka, unalowa na kukauka, unalowa na kukauka. Paili iliyozama kwenye udongo usiochokorwa, chini ya maji ya ardhini, haipati hewa ya kutosha, inaliwa polepole sana. Hatari ni kwenye zile mita za juu ambapo maji hupanda na kushuka, na ndizo hizo hizo zinazopinda. Kwa hiyo huongezwa unene wa chuma wa kuliwa, yaani mhandisi anatoa mapema milimita zitakazokwenda na kutu katika umri wa daraja, na sehemu ya juu hupakwa rangi nzito ya kinga au kuvishwa zege. Msimamizi, tazama kama mchoro una hilo. Mahali pengine hapa pwani ningependa paili za zege nyembamba badala ya chuma, ila hizo nazo hazipindi kwa raha, inabidi uchague ugonjwa.

Mchanga wa pwani: ukiutia kwenye zege lenye nondo umeweka chumvi ndani kabisa kabla hata jointi haijavuja. Basi hapo hata daraja lisilo na jointi halitakuokoa. Ukitilia shaka lori lolote, lipimwe maabara kabla halijamwagwa.

kokoto_na_saruji

Haya shangazi, nimekubali la nondo. Lakini tusidanganyane, daraja la Kilifi lina jointi na limesimama tangu 1991. Kama ni nzuri hivi mbona wasijenge yote hivi?

bi_mkaguzi_malindi

Kwa sababu Kilifi ni refu, Kokoto. Urefu ukizidi, zile milimita 5 zinakuwa nyingi na ukuta hauwezi tena kuzimeza. Daraja la aina ile lazima liwe na mahali pa kupumulia, na jointi zake lazima zitunzwe kwa bajeti ya kila mwaka, zisafishwe na mifereji yake izibuliwe. Tennessee, jimbo jingine la Marekani, walithubutu sana, miaka ya 1990 walijenga la Happy Hollow la mita 358 za zege bila jointi juu ya nguzo wala kuta. Lakini wao walikuwa wamejenga mengi mafupi kwanza na kuyatazama kwa miaka. Mimi kwa hapa pwani nisingeruka kufika huko. Madaraja yetu mengi ya barabarani ni ya mita 20, 30, 60. Hayo ndiyo yanayooza ncha bila sababu.

msimamizi_hindi

Mama, maelezo ya kutoboa mwamba nimeyatafuta, hayapo. Barua imekwenda leo na picha za matumbawe nimeambatisha. Rangi ya paili ipo. Unene wa ziada nimeuliza humo humo.

Sasa nimalizie la daraja la zamani, nimeulizwa na mzee wa kijiji. Na swali la mwisho la kazi yangu: ule ukuta wa mwisho na ncha za boriti niumimine lini?

bi_mkaguzi_malindi

Umefanya vyema kuandika.

Lile la zamani kwanza, na hapa sitasema kwa uhakika kwa kuwa sijaingia chini yake. Kama boriti bado ni nzima, jointi za juu ya nguzo zinaweza kuondolewa bila kugusa boriti zenyewe. Unavunja slabu pande zote mbili za jointi, unaweka nondo mpya na kumimina kipande cha slabu kinachounganisha nafasi mbili. Siri yake ni kwamba kipande hicho kisishikane na boriti zilizo chini yake kwa umbali fulani, hutandikwa kitu cha kukitenga, ili boriti zikiinama kwa mzigo slabu ipinde kwa ulaini badala ya kupasuka. Utafiti wa North Carolina wa miaka ya 1990 ulipendekeza asilimia 5 ya urefu wa nafasi kila upande. Nafasi ya mita 18 inakupa sentimita 90. Michigan mwaka 2005 walijaribu kipande cha namna hiyo kwa zege lenye nyuzi za plastiki linalovutika bila kufungua ufa mkubwa, lakini zege la kawaida lenye nondo za kutosha pia hufanya kazi.

Angalieni jambo moja kabla ya kushangilia. Ukiziunganisha nafasi zote, mwendo uliokuwa umegawanyika kwenye jointi nyingi sasa wote unakwenda kwenye kuta mbili za mwisho. Raba za kukalia kule lazima ziwe na uwezo wa kuubeba, la sivyo zibadilishwe. Na kule mwisho, kama ukuta ni mnene na mgumu, usijaribu kufunga boriti ndani yake. Refusha slabu ipite juu ya ukuta, jointi iwe nyuma yake kwenye slabu ya kuingilia. Maji yakivuja yavujie tuta.

Na kama ncha za boriti zimeshaanza kubambuka, kazi ianzie huko. Toa zege lililoingia chumvi hadi nyuma ya nondo, safisha, jaza upya. Ukifunika jointi juu na kuacha kutu chini, umempaka mgonjwa wanja. Barabara mnafanya nusu nusu, upande mmoja magari yanapita, kwa hiyo muombe mzee wa kijiji avumilie vumbi kwa muda. Kelele zitakwisha.

Ukuta wako sasa. Boriti zikae yadi muda mrefu kabla ya kufungwa, miezi mitatu ukiweza, maana zege changa linaendelea kusinyaa, na ni heri limalize kusinyaa likiwa huru kuliko likiwa limeshikwa. Mimina slabu za katikati ya nafasi kwanza, uzito ukae, boriti ziiname zinavyotaka kuinama. Ukuta wa mwisho na sehemu ya juu ya nguzo viwe vya mwisho. Ukizifunga ncha mapema, kila tani ya zege unayoongeza katikati inazungusha ukuta na paili zake.

Saa ya kumimina ni baada ya Magharibi. Asubuhi hapana, kwa sababu zege litakuwa linashika huku boriti zinapata joto na kusukuma nalo bado bichi. Usiku daraja limetulia, na hadi jua lipande zege litakuwa limeanza kujiweza. Andaa taa, andaa jenereta ya pili, na vibreta mbili, zile mashine za kutikisa zege lishikane, maana pale ncha za boriti zinapokutana na nondo za ukuta pamebana na zege halipenyi lenyewe. Kabla hamjafunga mbao piga picha za nondo za kona ile ulete hapa. Nataka kuona kama mmeacha nafasi ya kichwa cha vibreta kupita.

msimamizi_hindi

Inshallah mama. Mzee anauliza kama vibreta ya milimita 25 itapita au tutafute ndogo zaidi. Kesho nampelekea tepu akapime.